Ana nguvu zake, lakini vipimo vya ini vimeanza kupanda

Sista, pokea salamu kutoka Ugunja.

Mume wangu alipandikizwa ini huko India mwaka jana. Ini lake lilikuwa limeharibiwa na homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao hatukujua anao mpaka tumbo lilipojaa maji na akatapika damu. Aliyemtolea kipande cha ini ni mdogo wake, shemeji yangu, kijana wa bodaboda pale Kibuye, Kisumu. Tuliuza ng'ombe, tukauza sehemu ya shamba, watu wakatuchangia kwenye harambee, na Mungu akajalia wote wawili wakarudi wakiwa hai.

Tulipokuwa India damu ilitolewa kila mara na sikuwa na wasiwasi, maana madaktari walikuwa karibu. Walipoturuhusu kurudi walitupa ratiba: vipimo tufanyie huku, majibu tuyatume kwa simu kwa mratibu wao, naye atuambie daktari amesema nini. Ndivyo tunavyofanya. Mume wangu hupanda matatu asubuhi na mapema kwenda Kisumu, hutolewa damu, na majibu yakitoka mimi huyapiga picha na kuyatuma.

Kuhusu kumeza dawa, Sista, sina malalamiko. Ameweka kengele kwenye simu, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, hata akiwa kanisani. Siku za kwenda Kisumu kengele humlilia karibu na Maseno, naye humeza palepale ndani ya matatu. Akifika maabara, mnamo saa tatu na nusu, hutolewa damu.

Shida ilianza tuliporudi. Kule India takrolimasi yake, ile dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini, ilikuwa ikisoma 7 au 8 kwenye damu. Hapa ikaja 14, mara ya pili ikawa 15. Daktari akasema imezidi na itamharibu figo, akamshusha kutoka miligramu 2 hadi 1, asubuhi na usiku. Kipimo kilichofuata kikasoma 8, tukaambiwa ni vizuri. Lakini mwezi huu vipimo vyake vya ini vimepanda: ALT iliyokuwa 30 imefika 88, na GGT imefika 190. Bilirubini, ile rangi ya nyongo inayofanya macho yawe ya manjano, haijapanda. Macho yake ni meupe, anakula, amerudi kwenye duka lake la hadwea. Ninachoona mimi ni kwamba usiku anajikuna mikono na miguu. Yeye anasema ni joto.

Majibu haya ya mwisho amenikataza kuyatuma. Anasema wakiyaona watatuita India, na pesa hatuna. Anasema pia amechoka kudungwa sindano na hali mwili wake una nguvu. Mama mkwe naye ameleta mwarobaini na mizizi mingine ya kuchemsha, eti ya kusafisha ini. Na mgongo ukimuuma hupitia kemisti akachomwa diklofenaki.

Jambo lingine ni shemeji. Tangu warudi hajapimwa chochote. Amerudi kubeba magunia kwenye pikipiki, na juzi nilimwona akikohoa, pale penye kovu pakatokeza uvimbe kisha ukarudi ndani. Nilipomwuliza akasema nisimwambie mtu. Nyumbani wanasema yeye alikuwa mzima, alitoa tu, kwa hiyo si mgonjwa.

Nifanye nini? Niyatume majibu kwa siri? Na je, vipimo hivi haviwezi kupunguzwa?

Mama Atieno

*

Mama Atieno, dada yangu, yatume majibu hayo leo. Usiyatume kwa siri. Mwambie mume wako waziwazi kwamba unayatuma, kisha uyatume hata kama amekasirika. Hasira yake itapoa. Vipimo vilivyopanda namna hiyo havipaswi kukaa kwenye simu hata kwa juma moja.

Najua inakuwa vigumu kumwambia mtu anayefungua duka lake asubuhi na kula ugali wake jioni kwamba ini lake huenda lina shida. Lakini hivyo ndivyo ini lilivyo. Mwili unapoanza kulikataa ini jipya, mara nyingi mgonjwa hasikii chochote. Hakuna maumivu wala homa, na rangi ya macho haibadiliki. Dalili ya kwanza huwa ni namba kwenye karatasi, na mtu akisubiri mpaka macho yawe ya manjano, muda mwingi umeshapotea. Huko kudungwa anakochoka nako ndiko kunakoonyesha tatizo likiwa bado dogo la kutibika, pengine kwa kurekebisha dawa tu. Mwambie kwamba sindano hizo ni sehemu ya matibabu yaleyale yaliyowauzisha ng'ombe.

Sasa nikwambie kilichonishtua katika barua yako. Ni hiyo saa mbili ya Maseno.

Takrolimasi hupanda kwenye damu baada ya kumezwa, na kwa kawaida hufika kilele kati ya saa moja na saa tatu baadaye, kisha hushuka polepole. Daktari anapopanga dozi hatumii kilele hicho. Anatumia kiwango cha chini kabisa, kile kinachobaki saa kumi na mbili baada ya dozi ya usiku, kabla ya kumeza ya asubuhi. Zile 7 na 8 za India bila shaka zilipimwa hivyo, kwa sababu wodini muuguzi hutoa damu kwanza ndipo atoe dawa. Mume wako anameza saa mbili na kutolewa damu saa tatu na nusu, dawa ikiwa juu kabisa. Ni sawa na kupima kina cha mto Nzoia mvua kubwa ikiwa imetoka kunyesha Elgon, kisha ukaandika kwamba hicho ndicho kina chake cha kila siku.

Kwa hiyo ile 14 na ile 15 huenda hazikumaanisha kwamba dawa imezidi. Daktari aliyeko mbali hakuona matatu wala kengele. Aliona namba tu, akapunguza dozi kwa nusu, na kwa namba aliyopewa alifanya jambo la busara. Na ile 8 iliyowafurahisha, ikiwa nayo ilitolewa saa tatu na nusu, basi kiwango halisi cha alfajiri kinaweza kuwa chini sana ya hapo. Baada ya hapo ALT ikapanda. Sisemi kwamba mwili wa mume wako umelikataa ini. Nasema uwezekano huo upo, na hakuna anayeweza kuusoma vizuri mpaka daktari ajue damu ilitolewa saa ngapi.

Ujumbe wako kwa mratibu uwe na maneno haya: dozi ya usiku alimeza saa mbili, ya asubuhi saa mbili, damu ikatolewa saa tatu na nusu, na vipimo vyote vya tangu turudi Kenya vilifanywa hivyo. Kisha weka picha za majibu yote, ya zamani na ya sasa, pamoja na habari ya kujikuna na ya diklofenaki. Usiandike "hali ni nzuri" ili kumridhisha mume wako. Na tafadhali, asirudi mwenyewe kwenye miligramu 2. Takrolimasi ikizidi kweli huumiza figo, hutetemesha mikono, hupandisha presha na sukari. Dozi ibadilishwe na daktari, tena baada ya damu kutolewa kwa saa sahihi.

Hiyo damu mpya itolewe upesi, kesho ikiwezekana. Ameze ya usiku saa mbili kama kawaida. Asubuhi vidonge viwe mfukoni, kengele ikilia asimeze, damu itolewe karibu na saa mbili, akitoka tu kwenye kiti cha maabara ndipo ameze. Kama kufika Kisumu saa hiyo ni shida, alale kwa mdogo wake usiku wa kuamkia kipimo. Au uliza hospitali iliyo karibu nanyi kama wanaweza kutoa damu hiyo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau na kuisafirisha. Kipimo cha takrolimasi hufanywa kwa damu nzima, na sehemu nyingi sampuli hupelekwa maabara kubwa kwa hiyo majibu huchukua muda. Tumieni maabara ileile kila mara, kwa sababu mashine tofauti zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile. Na kwenye fomu mwandikishe saa ya dozi na saa ya damu. Wasipoandika wao, andika wewe kwa kalamu yako.

Lakini barua yako ina kitu cha pili, na hiki hakitatatuliwa na takrolimasi peke yake. GGT ya 190 pamoja na kujikuna usiku vinanifanya nifikirie mirija ya nyongo. Ini la kutoka kwa mtu aliye hai huja likiwa kipande, na mirija yake ya nyongo ni myembamba, wakati mwingine ni miwili au zaidi inayounganishwa mmojammoja. Ndiyo maana matatizo ya nyongo, yaani kuvuja au mrija kubana, huonekana zaidi kwa wagonjwa hawa kuliko kwa waliopokea ini zima la marehemu. Mrija unaweza kubana miezi mingi baada ya upasuaji, mtu akiwa ameshasahau hata kitanda cha hospitali. Nyongo isipopita vizuri, GGT na kipimo mwenzake ALP hupanda, ngozi huwasha, kisha huja mkojo wa rangi ya chai, choo cheupe na macho ya manjano. Maambukizi yakiingia humo huleta homa ya kutetemeka, na hiyo ni dharura ya saa, si ya siku.

Kwa hiyo aonwe na daktari bingwa wa ini au wa tumbo, na aombewe altrasaundi yenye Dopla. Dopla huonyesha kama damu inapita kwenye mishipa ya ini, na altrasaundi huonyesha kama mirija imetanuka. Ikibaki shaka, kuna MRI ya njia za nyongo, na kuna biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha ini kwa sindano. Damu pekee haiwezi kutenganisha mrija uliobana na mwili unaolikataa ini, na tiba zake hazifanani kabisa. Mrija uliobana mara nyingi hupanuliwa kwa kamera inayopitia mdomoni na kuwekewa kijibomba, bila kupasua. Nalitaja hili kwa sababu ya hofu yenu ya kuitwa India. Anzeni kwenye hospitali ya rufaa Kisumu na faili lote mkononi, daktari wa huku azungumze na wa kule. Watu wengi hufikiri kila tatizo ni tiketi ya ndege, na kwa hofu hiyo hunyamaza mpaka tatizo linakuwa kubwa kweli.

Homa nayo. Ninyi mnaishi ukanda wa ziwa, penye malaria ya mwaka mzima, na najua desturi yetu: mwili ukichemka, mtu anapita kemisti, anachukua dawa ya malaria, analala. Mume wako hana ruhusa hiyo tena. Kinga yake imeshushwa kwa dawa, kwa hiyo joto la 38 na zaidi ni kwenda hospitali siku hiyohiyo, apimwe malaria, apimwe na damu ya maambukizi na ini, na aseme kwanza kabisa kwamba amepandikizwa ini. Alale ndani ya neti kila usiku. Maji ya kunywa yachemshwe. Na chanjo za vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, asichanjwe bila kuuliza timu yake.

Diklofenaki aiache leo. Dawa hiyo na ndugu yake ibuprofeni hukaba figo, na takrolimasi tayari inazibebesha figo mzigo. Mgongo ukiuma, daktari ampangie parasetamoli kwa kiasi kinachomfaa, na kreatinini, yaani kipimo cha figo, ipimwe pamoja na hizo damu nyingine. Kemisti yeyote anayempa dawa lazima ajue kuhusu takrolimasi. Antibiotiki kama klarithromaisini na erithromaisini, na dawa ya fangasi flukonazoli, huipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huishusha vibaya. Balungi pia huipandisha, aliache kabisa hata kama ni tunda.

Kwa mama mkwe nenda na heshima. Yeye aliona wanawe wote wawili wakipasuliwa kwa jambo moja, na hiyo mizizi anayoichemsha ni mapenzi ya mama asiye na kitu kingine cha kutoa. Lakini dawa isiyojulikana kipimo chake wala inavyokutana na takrolimasi haiingii kwa mtu huyu. Miti mingine huumiza ini lenyewe, mingine hubadilisha kiwango cha dawa, na daktari akisoma vipimo hatajua anatazama nini. Kama anataka kusaidia ini la mwanawe, mpe kazi ya mahindi: achague punje zenye ukungu, azitupe, asizikoboe wala asiwape kuku. Sumu ya ukungu wa mahindi ndiyo iliyoua watu 125 mashariki ya Kenya mwaka 2004, na huua kwa kulishambulia ini. Hiyo ni kazi ya maana, na anaiweza kuliko sisi sote.

Umeuliza kama vipimo vinaweza kupunguzwa. Vinaweza, na hupunguzwa vyenyewe kadiri muda unavyokwenda. Mwanzoni hufanywa mara kadhaa kwa juma, halafu kila juma, halafu kila mwezi, na baada ya mwaka mtu aliyetulia anaweza kukaa miezi miwili au mitatu. Ila kila dozi inapobadilishwa, au namba zinapopanda, mnarudi kwenye vipimo vya karibu karibu kwa muda. Pesa zikikosekana msiruke kimyakimya. Mwambieni mratibu, "mwezi huu tunaweza kulipia vipimo vitatu tu, ni vipi?" Daktari atachagua. Kwa sasa nisingeruka takrolimasi, vipimo vya ini na kreatinini.

Sasa shemeji yako. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu namwona kijana huyu katika kila familia ya namna hii.

Upasuaji wa kutoa ini la mtu aliye hai ulifanikiwa kwanza mwaka 1989, wazazi wakiwatolea watoto wao wadogo kipande cha upande wa kushoto. Mtu mzima kumtolea mtu mzima kulianza Japani mwaka 1993, na kwa kuwa mtu mzima anahitaji ini kubwa, leo mara nyingi huchukuliwa upande wa kulia, ambao ni kama asilimia 60 ya ini la mtoaji. Ni kweli kwamba ini lililobaki hukua, na sehemu kubwa ya ukuaji huo hutokea katika majuma na miezi ya mwanzo. Lakini kijana huyo alipasuliwa tumbo, akakatwa ini, na watoaji wachache duniani wamewahi kufa kwa upasuaji huo. Kule Marekani hospitali zinatakiwa kumfuatilia mtoaji akifikisha miezi 6, mwaka 1 na miaka 2. Yeye amefuatiliwa na nani?

Huo uvimbe unaotokeza akikohoa unafanana na henia ya kovu: ukuta wa tumbo umelegea pale palipokatwa na utumbo unasukuma. Aache magunia mara moja, aonwe na daktari wa upasuaji. Uvimbe ukitoka ukakataa kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu, au akitapika, ni hospitali usiku huohuo. Pamoja na hayo apimwe ini, chembe sahani za damu, na altrasaundi. Na umuulize anavyolala, anavyojisikia moyoni. Watoaji wengine huingia huzuni nzito baadaye, hasa wakiona mgonjwa anapigiwa simu kila siku na wao hakuna anayewauliza. Amekuomba usimwambie mtu. Nenda kwake kwanza umwambie huwezi kuitunza siri hiyo, kisha mume wako aambiwe, na ningependa mume wako ndiye ampeleke kliniki na kulipia. Kazi ya bodaboda bila magunia ina pato dogo, kwa hiyo familia ikae na kupanga namna ya kumwongezea mpaka apone. Harambee iliyompeleka India haikuisha uwanja wa ndege.

La mwisho ni wewe na watoto. Homa ya ini aina ya B hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa na kwa mama kwenda kwa mtoto. Mume wako ana dawa ya virusi hivyo kwenye mfuko wake, entekavia au tenofovia, na hiyo asiiache hata siku moja, maana virusi vinaweza kurudi kwenye ini jipya. Wewe hujaniambia kama umewahi kupimwa. Pimwa, na ukiwa huna, chanjwa dozi zote tatu. Huchukua kama miezi sita. Watoto waliozaliwa baada ya 2001 huenda walichanjwa kwa ile chanjo ya vijidudu vitano ya kliniki, lakini wapimwe hata hivyo. Mnapokwenda Kisumu kwa ile damu ya saa mbili nendeni wote, na ubebe kadi zao za kliniki.